Ng'ombe wa Radhi

Mliomsindikiza Wakili Ruwaida wiki iliyopita mlimwacha Uyole, njiani kwenda mahakamani Mbeya, gari lake limebanwa katikati ya malori ya Tunduma, simu sikioni, na sauti ya Mzee Sifaeli ikimwambia, "Mama wakili, jana tumefanya jambo kubwa." Mkabaki mnaulizana ni jambo gani. Haya, lisikilizeni sasa.

"Tumepeleka ng'ombe kwa wafiwa," alisema Mzee Sifaeli.

Ruwaida alizima redio ya gari.

"Ng'ombe wa nini, mzee?"

"Wa kuomba radhi. Si unajua sisi tunafanyaga hivyo? Damu ikimwagika watu hawakai hivihivi tu. Dada yangu mwenyewe ndo alisema hawezi tena, twende. Wamempokea, tumechinja, tumekula pamoja. Wamelia, na sisi tumelia. Ndaga fijo, asante sana, Mungu mkubwa."

"Nani walikuwepo?"

"Wote. Mchungaji, mwenyekiti wa kitongoji, mpaka mtendaji. Mambo yamefanyika hadharani, hakuna kificho."

Lori la nyuma lilipiga honi. Ruwaida hakulisikia.

Kama hujui kwa nini mwanamke mzima alibaki anang'ata mdomo kwa habari ya amani kama hiyo, nitakueleza upesi, maana mahakama haitungoji. Mzee Sifaeli ni mjomba wa Ipyana. Ipyana yuko gerezani akisubiri kitanzi kwa kosa la kumuua Peter, mgawa maji wa mashamba ya mpunga kule Madibira, aliyekutwa mferejini kichwa kimepasuliwa kwa sepetu. Ushahidi wenyewe ni huu: mchana wa jana yake waligombania zamu ya maji mbele ya watu, na alfajiri Ipyana alionekana akitoka upande wa mfereji, nguo zimelowa. Hakuna aliyemwona akiua. Tangu siku hiyo Ipyana amesema sikuua, na zaidi ya neno hilo moja hajaongeza kitu.

Na Ruwaida? Huyo ni wakili wa rufaa. Mjini Iringa, wanakomjua tangu babu yake alipofungua duka la vitambaa Miyomboni, humwita Mama Makaratasi. Ni miaka mingi hajamhoji shahidi, wala hahitaji. Rufaa haina mashahidi, haina kulia wala kuapa kwa jina la Mungu. Kule juu kilichoandikwa ndicho kilichotokea, kisichoandikwa hakikutokea kamwe. Yeye huanza kusoma mwenendo wa kesi kutoka ukurasa wa mwisho, hukumu kwanza, kisha anarudi nyuma taratibu akitafuta mahali jaji alipojikwaa. Na majaji hujikwaa, ni binadamu.

Katika kesi ya Ipyana alipata silaha mbili. Ya kwanza ilikuwa kali mno. Zamani zile sheria ilimtaka jaji akae na wazee wa baraza, nao wamsikilize kila shahidi kisha watoe maoni. Mzee mmoja aliugua katikati ya kesi, akawekwa mwingine, na huyo mgeni akasema Ipyana ameua, hali mashahidi watatu wa mwanzo hakuwaona hata kwa picha. Kasoro hiyo peke yake inaua kesi nzima. Silaha ya pili ilikuwa ushahidi wenyewe, mwembamba kama uji wa mgonjwa.

Lakini ile ya kwanza ni upanga ukatao kuwili. Majaji wakiikubali wanaifuta kesi, halafu wanaweza kusema ianze upya. Ya pili ikikubaliwa, mtu anakwenda kwao. Mpaka jana Ruwaida hakuogopa kesi kuanza upya. Jamhuri isingekuwa na hamu ya kurudia ushahidi uliochakaa. Leo kulikuwa na ng'ombe. Ndugu wa mshtakiwa wameomba radhi kwa damu ya marehemu, mbele ya mchungaji na mtendaji, na nyama wameila. Kesi ikianza upya hao wote wataitwa, nao watasema walichokiona.

"Mama wakili, umenyamaza," alisema Mzee Sifaeli. "Hujafurahi?"

"Nimefurahi, mzee. Njooni mahakamani. Na msimwambie mtu habari za ng'ombe."

"Sasa tutamficha nani, na watu wameshakula nyama?"

Ng'ombe wa maskini hazai, walisema wahenga. Hawakusema kwamba akichinjwa anaua.

*

Kwenye ukumbi wa mahakama, Mbeya, baridi ilikuwa inapuliza kutoka mlima Loleza na kuingia mpaka kwenye mifupa. Mama Ipyana, jina lake Marta, alikuwa ameketi kwenye benchi, kitenge kipya, viatu vya kuazima vinavyombana. Alisimama alipomwona Ruwaida, akapiga goti kidogo.

"Leo anatoka?"

"Leo tutajua, mama."

Hakuweza kumtazama usoni. Aligeuka, akakutana uso kwa uso na Junaid.

Junaid ni Wakili wa Serikali. Zamani alikuwa mwanafunzi wa Ruwaida, pale pale ofisini kwake Iringa. Kusoma kesi kutoka nyuma kwenda mbele alifundishwa na yeye. Hata biriani alikuwa akila nyumbani kwake. Wapo watu ambao ukiwafundisha wanakushukuru, na wapo ambao ukiwafundisha wanakusubiri mahali.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, Junaid."

"Nasikia Madibira jana nyama ilikuwa tele."

Ruwaida alijilazimisha kufunga joho lake vizuri shingoni. "Nani kakuambia?"

"Wafiwa walinipigia kabla haijaiva." Alishusha sauti kama mtu anayetoa pole. "Ulinifundisha mwenyewe, dada. Mpinzani akikuonyesha kidonda, usikipulize. Kibonyeze."

Alikuwa amemfundisha kweli. Aliikumbuka siku yenyewe, na alikumbuka walivyocheka.

*

Majaji watatu waliingia. Ipyana aliletwa na askari magereza wawili, amekonda, shati la jela limemning'inia. Alimtafuta mama yake kwa macho, akampata, akainamisha kichwa.

Ruwaida alisimama.

"Waheshimiwa Majaji, tunaomba ruhusa kuiondoa sababu ya kwanza ya rufaa. Tutasimama na ya pili peke yake."

Mwenyekiti wa jopo, mzee mwenye miwani ya kamba, aliinua uso kutoka kwenye kabrasha. "Wakili msomi, sababu yako ya kwanza tumeisoma. Ni nzuri. Kusema kweli hiyo ndiyo tuliyokuja kuisikiliza."

"Nashukuru, Mheshimiwa. Bado naomba kuiondoa."

"Kwa nini?"

Hapo ndipo palipokuwa na mtego. Kumdanganya jaji hawezi, maana akifanya hivyo leseni yake imekwenda na maji. Kumtaja ng'ombe hawezi, maana akimtaja amemfunga kamba mteja wake kwa mkono wake.

"Kwa sababu mrufani anastahili kuachiwa kwa ushahidi, Mheshimiwa, si kwa kasoro."

Jaji alimtazama kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyopendeza. "Endelea."

Akaendelea, na jamani aliongea. Nyie mnaodhani uwakili ni kupayuka mngekuwepo mkaona. Hakupandisha sauti hata mara moja. Aliwapeleka majaji ukurasa kwa ukurasa, akawaonyesha kwamba sepetu halikupimwa, kwamba ugomvi wa zamu ya maji kule ni kila siku, kwamba shahidi wa alfajiri alimwona mtu amelowa na basi.

"Amelowa, wakili, karibu na mfereji wenye maiti," alisema jaji wa kulia.

"Ndiyo, Mheshimiwa. Ulikuwa msimu wa kupandikiza mpunga. Msimu huo Madibira nzima inaamka imelowa. Kama kulowa ni kuua, waletwe wote."

Jaji wa kushoto alicheka kwa pua. Mwenyekiti aliweka kalamu chini, na kwa wanaozijua mahakama za rufaa, jaji akiweka kalamu chini ameshaandika alichotaka. Ruwaida aliketi na moyo unamdunda kwa matumaini. Aliamini. Hilo ndilo baya zaidi katika habari hii yote, kwamba kwa dakika ile aliamini.

Junaid alisimama polepole.

"Waheshimiwa Majaji, Jamhuri inaunga mkono rufaa."

Nyuma ya ukumbi Mzee Sifaeli alishika kichwa kwa mikono miwili. Mama mmoja wa kanisani kwao alipiga kigelegele. Askari alimtuliza, lakini na yeye alikuwa anatabasamu. Serikali yenyewe imekubali, nani tena atakataa?

"Tunaiunga mkono kwa sababu ya kwanza," alimalizia Junaid.

Ruwaida alikuwa amesimama tayari. "Imeondolewa, Waheshimiwa."

"Kosa la kisheria haliondolewi na wakili," alisema Junaid kwa upole. "Mahakama ikishaliona, imeliona. Mzee wa baraza alitoa maoni juu ya mashahidi asiowasikia. Kesi ile ilikuwa batili. Tunaomba ifutwe, isikilizwe upya, tena haraka, maana mashahidi wapo, na wengine wameongezeka."

"Hao walioongezeka hawamo kwenye kumbukumbu za rufaa," alisema Ruwaida.

"Ni kweli," alisema mwenyekiti. "Wakili wa Serikali, maneno hayo yafute."

"Nimeyafuta, Mheshimiwa."

Akaketi akitabasamu. Kwenye karatasi neno hufutika. Masikioni hukaa.

Ruwaida alipigana. Alisema kesi hairudishwi ili Jamhuri ipate nafasi ya kuziba matundu yake. Alisema mtu huyu ameshakaa miaka na kivuli cha kamba, inatosha. Alisema vizuri, kila neno mahali pake, na majaji walimsikiliza kwa heshima ile wanayompa mtu ambaye wameshamwamulia. Walitoka, wakateta, wakarudi hata chai haijapoa.

Mwenyekiti alisoma amri kwa vipande.

"Mwenendo wote wa kesi ya awali umefutwa."

Marta alifumba macho.

"Hukumu imetenguliwa. Adhabu ya kifo imeondolewa."

Hapo ukumbi ulilipuka. Vigelegele, makofi, Mzee Sifaeli akaimba mstari wa wimbo wa kanisani. Marta alivua vile viatu vya kuazima, akaanza kucheza peku kwenye sakafu ya baridi, mikono juu, machozi yanamtiririka hadi kidevuni. Karani aligonga meza, hakuna aliyemsikiliza. Ruwaida alijua kipande kilichobaki. Alisimama pale akimtazama mama wa watu anacheza, asiweze kumwambia acha.

Walipotulizwa, mwenyekiti alimalizia.

"Kesi isikilizwe upya mbele ya jaji mwingine. Mrufani arudishwe mahabusu."

Marta alimgeukia kaka yake. "Kasema nini?"

Mzee Sifaeli alikuwa anamwangalia Ipyana akifungwa pingu tena.

*

Nje, Junaid alimfuata Marta kabla Ruwaida hajamfikia. Alimpa mkono kama mkwe.

"Pole, mama, na hongera. Kitanzi kimeondoka."

"Asante, baba. Ubarikiwe." Aliupokea mkono ule kwa mikono yake yote miwili.

"Tutakuita kwenye kesi. Utakuja kutusimulia habari za yule ng'ombe."

"Nitakuja, baba. Mimi siogopi."

Ruwaida alimvuta, akampeleka nyuma ya jengo, kwenye ukuta wa choo cha watumishi ambako hakuna anayependa kusimama. Hasira ilimpanda, nayo ikatoka kwa mtu asiyestahili.

"Mama, mnajua mlichofanya? Mngesubiri kidogo tu. Kidogo. Leo angekuwa anakwenda nyumbani na wewe. Yule ng'ombe wenu ndiye amemrudisha ndani. Utapandishwa kizimbani, utaapishwa, utaulizwa uliwaendea wafiwa kuomba radhi ya nini. Utajibu nini?"

"Nitasema kweli."

"Kweli ipi? Kwamba mwanao ameua?"

Marta alimtazama kama vile swali lenyewe ni la kitoto.

"Ipyana hajaua, mama wakili. Si nilikwambia toka mwanzo?"

"Basi radhi ilikuwa ya nani?"

"Yangu."

Upepo ulikuwa unapeperusha joho la Ruwaida. Alilikamata, akalibana kifuani.

"Nilikwenda alfajiri kufungua maji," alisema Marta. "Miche ilikuwa inakauka na Peter alikuwa ameninyima zamu. Akanikuta. Akanisukuma mferejini, akasimama pale juu anacheka. Nilipotoka nilitoka na sepetu. Nilimpiga mara moja tu, mama wakili. Akaangukia majini. Ipyana ndo akaja, akaingia kumtoa, alidhani bado mzima. Ndo maana alilowa."

"Na akakubali kuhukumiwa kifo?"

"Aliniapisha ninyamaze. Alisema nina wadogo zake, nani atawalea. Mimi nikanyamaza." Alizungumza bila kulia, na ukavu ule wa macho ulimtisha Ruwaida kuliko machozi. "Lakini silali. Nikifumba macho naona maji. Nikasema labda nikiwapelekea ng'ombe, nikawapigia magoti, usingizi utarudi. Wao walidhani namsemea mtoto. Nikaacha wadhani."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, husemwa. Huyu aliujua, na alikuwa ameukalia kama mtu anayekalia kaa la moto ili wengine wasilione.

Ruwaida alihesabu haraka, kazi ndiyo ilivyomzoeza. Mteja wake ni Ipyana. Ukweli huu unamtoa Ipyana. Ukweli huuhuu unampeleka mama yake mahali alipotoka yeye. Na kama asubuhi ile majaji wangemwachia, siri ingebaki Madibira, mama na mwana wangevuna mpunga wao, na hakuna mtu angejua.

Upande wa pili injini ya karandinga la magereza ilinguruma. Aliacha kila kitu, akakimbia na joho lake kama mwizi wa nguo.

"Afande, dakika moja. Ni mteja wangu."

"Fanya fasta, wakili. Tunaondoka."

Uso wa Ipyana ulikuwa nyuma ya nondo za dirisha dogo. Alimwangalia mara moja tu, akajua.

"Amekuambia."

Ruwaida alisogea karibu na nondo.

"Basi sikiliza, wakili. Hiyo kesi ikianza upya, siku ya kwanza tu nakiri kosa. Asiitwe shahidi hata mmoja. Mama asiapishwe. Akishika Biblia atasema yote, namjua."

"Ukikiri kuua, adhabu ni ileile. Utanyongwa, Ipyana."

"Mimi nimeshazoea. Yeye hawezi." Alipitisha vidole katikati ya nondo, pingu ikagonga chuma. "Wewe ni wakili wangu. Nakuagiza. Au huagizwi?"

Gari liliondoka. Vumbi lilimwingia Ruwaida machoni, akapata sababu ya kuyafuta.

"Pole, dada."

Aligeuka. Junaid alikuwa amesimama hatua chache nyuma yake, joho mkononi, viatu vyake vyeusi vimeloa tope. Tope lile linapatikana mahali pamoja tu katika uwanja ule, nyuma ya choo cha watumishi, ambako bomba limepasuka.

"Nilikuja kukuaga," alisema. "Nikamkuta mama anasimulia, nikaona si adabu kumkatiza."

"Umesikia kiasi gani?"

"Yote. Na ya huku pia nimeyasikia." Hakuwa anatabasamu sasa, na afadhali angetabasamu. "Mtoto anataka kukiri, mama anataka kusema kweli. Nikiwapeleka wote wawili mbele ya jaji watachanganyana, nitawakosa wote. Jamhuri inahitaji mmoja tu, dada."

Kule kona ya jengo Marta alikuwa anakuja taratibu, peku, ameshika viatu vyake mkononi, anamtafuta wakili wake.

Junaid alimwangalia, kisha akamrudia Ruwaida.

"Wewe ndiye unayewajua. Nitajie yupi."